Maria Montessori: Daktari aliyejifunza kufundisha kwa kuwatazama watoto wa vibarua

MNAMO Januari 6, 1907, mlango wa chumba kimoja ulifunguliwa katika mtaa wa San Lorenzo jijini Rome, Italia. Waliingizwa humo watoto zaidi ya 50 ambao hawakuwa wametimiza umri wa kwenda shule. Baadhi yao walikuwa wakilia, wengine wameduwaa kwa woga.

Hawakuwa wana wa mabwanyenye. Wazazi wao walikuwa vibarua waliorauka alfajiri kwenda kutafuta riziki, huku nyuma watoto wakirandaranda kwenye ngazi na kuchafua kuta za majengo. Wenye nyumba walichoka kugharamia ukarabati. Wakaona heri watoto hao wakusanywe mahali pamoja na kutafutiwa mtu wa kuwachunga.

Kwa wenye nyumba, hiyo ilikuwa njia ya kuokoa kuta zao. Kwa Maria Montessori, daktari aliyeombwa kusimamia chumba hicho, ilikuwa fursa aliyoingojea kwa miaka kadhaa.

Leo jina lake limeandikwa kwenye malango ya shule nyingi za chekechea nchini Kenya na kwingineko duniani. Aghalabu huwa ni shule za kibinafsi ambazo karo yake humtoa jasho mzazi wa kawaida. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mbinu hizo za ufundishaji zilipevuka miongoni mwa watoto wa maskini, chini ya uangalizi wa mwalimu ambaye hakuwa amesomea ualimu.

Binti aliyekataa kuchaguliwa njia

Maria alizaliwa Agosti 31, 1870, mjini Chiaravalle karibu na bandari ya Ancona. Babake, Alessandro, alikuwa afisa wa serikali katika wizara ya fedha. Mamake, Renilde Stoppani, alikuwa mwanamke msomi kuliko wengi wa zama zake, na ndiye aliyemtia shime bintiye kila alipokatishwa tamaa. Mnamo 1875 familia hiyo ilihamia Rome.

Enzi hizo msichana aliyependa masomo alitarajiwa kuwa mwalimu, basi. Maria hakutaka hata kusikia habari za ualimu. Akiwa na umri wa miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi, akidhamiria kuwa mhandisi, kabla ya kugeuza nia na kuamua kusomea udaktari.

Uamuzi huo haukumpendeza babake wala wakuu wa chuo. Hata baada ya kukubaliwa katika Chuo Kikuu cha Rome, hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wa kiume. Ilimbidi afanye kazi hiyo peke yake, saa ambazo wenzake walikwisha kwenda zao. Alivumilia, na mnamo Julai 1896 akahitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini Italia kupata shahada ya udaktari.

Kazi yake ya mapema ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili. Humo alikuta watoto waliochukuliwa kuwa punguani wakiwa wamefungiwa pamoja na watu wazima, bila kitu chochote cha kushika wala kuchezea.

Husimuliwa kwamba mlezi mmoja alimlalamikia kuwa watoto hao walikuwa walafi, kwani baada ya kula walitambaa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari huyo kijana aliwatazama kwa makini. Akagundua kwamba makombo hayo hawakuyala, bali waliyafinyanga na kuyachezea. Kumbe njaa yao haikuwa ya tumbo. Ilikuwa njaa ya mikono na akili.

Tangu hapo alizama katika maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliowahi kuwafunza watoto wenye ulemavu kwa kutumia vifaa vya kushika. Mnamo 1900 alipewa nafasi ya kuongoza, pamoja na daktari mwenzake Giuseppe Montesano, taasisi ya kuwaandaa walimu wa watoto wa aina hiyo. Baadhi ya wanafunzi wake walifanya mtihani wa umma wa kusoma na kuandika, wakafaulu.

Watu walimpongeza kwa muujiza huo. Yeye alishikwa na swali lililomnyima raha. Ikiwa watoto waliodhaniwa hawafundishiki waliweza kufikia kiwango cha wenzao, je, ni nini kilichokuwa kikiwarudisha nyuma wale wazima katika shule za kawaida?

Somo la kupenga kamasi

Swali hilo ndilo aliloingia nalo San Lorenzo. Hakuwa na madawati ya kawaida, na hilo likawa heri. Watoto walitengenezewa meza na viti vyepesi walivyoweza kuvibeba wenyewe. Sheria za nyumba zilibandikwa ukutani: watoto waletwe wakiwa safi, na wazazi wafike kuzungumza na mwalimu kuhusu maendeleo yao.

Kisha Montessori alifanya jambo ambalo walimu wengi huliona gumu. Alinyamaza, akatazama.

Siku moja alimwona msichana wa miaka mitatu hivi akitumbukiza vipande vya mbao vya mviringo katika matundu yanayolingana navyo. Alivitoa, akavichanganya, akaanza upya. Montessori aliwaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka, lakini msichana hakuinua kichwa. Hata alipoinuliwa pamoja na kiti chake na kuwekwa juu ya meza, alikumbatia vifaa vyake na kuendelea. Alirudia zoezi hilo zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, uso umemnawiri kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu.

Wahenga wa ualimu walikuwa wakifundisha kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kutulia. Binti huyo wa kibarua alithibitisha kinyume chake. Hutulia akipata kazi inayolingana na kimo cha akili yake, na ambayo humwonyesha kosa lake bila ya mtu kumkaripia. Kipande kikiingizwa tundu lisilo lake, cha mwisho hukosa pa kukaa. Mtoto hurudi nyuma akajisahihisha.

Siku nyingine mwalimu alichelewa, naye alikuwa amesahau kufunga kabati. Alipofika alikuta watoto wameshajichukulia vifaa na kuanza kazi. Mwalimu alitaka kuwaadhibu kwa wizi. Montessori aliona vingine: watoto hao walivijua vifaa vyao kiasi cha kuweza kujichagulia. Tangu siku hiyo, makabati yenye kufuli yaliondolewa, zikawekwa rafu fupi ambazo mkono wa mtoto ungefikia.

Zawadi nazo zikapoteza maana. Watoto waliotuzwa nishani walizitupa kando, wakarejea kwenye shughuli zao. Hapo akaamini kwamba kazi yenyewe, ikiwa nzuri, ndiyo tuzo, na kwamba peremende na kiboko ni ndugu wawili wanaomtoa mtoto katika kujifunza.

Kuna na kisa cha kupenga kamasi. Montessori aliamua kuwaonyesha watoto jinsi ya kutumia leso kwa staha, bila kelele. Alipomaliza, darasa zima lilimpigia makofi. Alishangaa, kisha akaelewa. Watoto hao walikuwa wamezoea kutukanwa na kuaibishwa kwa ajili ya kamasi zao. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi nao akawafundisha namna ya kuziondoa.

Herufi za msasa na hesabu za shanga

Awali hakukusudia kuwafunza kuandika, lakini akina mama ambao wenyewe hawakujua kusoma walimsihi awafundishie wana wao. Alikata herufi kutoka kwa karatasi za msasa, akazibandika kwenye vibao. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi akiitamka sauti yake. Kwa njia hiyo jicho, sikio na mkono vilijifunza kwa pamoja.

Siku moja ya Desemba, juu ya paa la jengo hilo, alimpa mvulana wa miaka mitano hivi kipande cha chaki na kumwomba achore dohani. Mvulana alichora, kisha akapiga kelele za furaha kwamba anajua kuandika. Neno alilolichora sakafuni lilikuwa la Kiitaliano lenye maana ya mkono. Wenzake nao wakadai chaki. Kwa siku kadhaa waliandika kila mahali, hata kwenye milango na maganda ya mikate majumbani mwao.

Katika hesabu alitumia shanga. Shanga kumi zilitungwa kwenye waya mmoja. Waya kumi zikaungwa kuwa mraba wa mia. Miraba kumi ikapangwa kuwa mchemraba wa elfu. Mtoto aliyeunyanyua mchemraba huo alihisi kwa uzito wake kwamba elfu si mia, kabla hajaandika hata sifuri moja.

Habari za watoto wa San Lorenzo zilienea haraka. Kitabu chake cha kwanza kuhusu mbinu hizo kilitoka mwaka 1909, na mnamo 1912 kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kununuliwa kwa wingi Marekani. Mwishoni mwa 1913 alizuru nchi hiyo na kuhutubia umati katika ukumbi wa Carnegie jijini New York.

Sifa hazikuja bila lawama. Mnamo 1914 msomi wa elimu William Kilpatrick alichapisha kitabu kukosoa mbinu hizo, akidai kwamba vifaa vyake vilimbana mtoto na kutompa nafasi ya kutosha ya ubunifu na kushirikiana na wenzake. Wengine walimlaumu kwa kung'ang'ania kusimamia mwenyewe mafunzo ya kila mwalimu, hali iliyochelewesha mbinu zake kuwafikia watu wa kawaida.

Mama aliyetengana na mwanawe

Nyuma ya umaarufu huo palikuwa na jeraha. Mnamo Machi 1898, Maria alijifungua mtoto wa kiume, Mario, aliyemzaa na Montesano bila ndoa. Kwa mwanamke wa Italia ya wakati huo, kujulikana kwa jambo hilo kungekuwa mwisho wa kazi yake. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia nyingine mashambani. Mamake alimtembelea bila kujitambulisha.

Kwa hivyo, mwanamke aliyekuwa akiufunza ulimwengu kumtazama mtoto alikuwa hawezi kumtazama wake akikua. Waliungana tena Mario akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Tangu hapo hawakuachana, ila mbele za watu mama aliendelea kumwita mpwa wake au mwana wa kupanga.

Siasa nazo zilimtia doa. Mnamo 1924 alikubali kuungwa mkono na utawala wa Benito Mussolini, aliyeahidi kueneza shule zake nchini Italia. Lakini dikteta alitaka watoto watiifu, ilhali mbinu za Montessori ziliwalea watoto wa kujiamulia. Kufikia 1934 uhusiano huo ulikuwa umevunjika, na baadaye shule zake zikafungwa. Wanazi nao walizifunga zile za Ujerumani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mwaka 1936, alilazimika kuihama Barcelona alikokuwa ameishi kwa miaka mingi, akatafuta makao Uholanzi.

Mnamo 1939 yeye na Mario walisafiri hadi Madras, India, kutoa mafunzo kwa walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimkamata Mario kama raia wa nchi adui, naye mama akawekewa mipaka ya kutembea. Agosti 31 mwaka huo, alipotimiza miaka 70, serikali hiyo ya kikoloni ilimwachilia Mario kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Katika ujumbe wa kutangaza hilo, alitajwa kuwa mwanawe. Siri ya miaka 42 ilikuwa imefichuliwa, na mbingu haikuanguka.

Montessori alirejea Ulaya mwaka 1946, akateuliwa mara tatu kuwania Tuzo ya Amani ya Nobel bila kuipata. Alifariki Mei 6, 1952, mjini Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa huko huko.

Urithi wa nani?

Jina lake halimilikiwi na shirika lolote. Yeyote anaweza kulipaka rangi langoni, na wapo wanaofanya hivyo kisha wakawaketisha watoto kwa safu na kuwakaririsha alfabeti mchana kutwa.

Kwa upande mwingine, wapo walimu wa shule za umma wanaosema kwamba mbinu za kumshirikisha mwanafunzi ni anasa ya matajiri, hasa tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003 na kujaza madarasa. Malalamishi yao yana uzito. Mwalimu mwenye watoto 70 na vitabu vya kugawana hawezi kulaumiwa kwa kuchoka.

Hata hivyo, yafaa wakumbushwe jinsi kazi hii ilivyoanza. Watoto zaidi ya 50, chumba kimoja, mtaa wa vibarua. Msasa, mbao, shanga na leso si vitu vya kuagizwa ng'ambo. Vifuniko vya chupa, mbegu za maharagwe na vipande vya kadibodi vyaweza kufanya kazi iyo hiyo, nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwalimu atumie vitu kama hivyo.

Kifaa ambacho hakipatikani dukani ni kile alichokuwa nacho daktari huyo mbele ya watoto waliookota makombo: subira ya kutazama kwanza, na kutoharakisha kumwita mtoto mlafi, mwizi au mjinga kabla ya kujua anatafuta nini. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Montessori aliyatumia maisha yake kuonyesha kwamba, kabla ya kumlea, sharti umwone.