Stapledon: Mtaalamu Aliyeona Utajiri Katika Malisho ya Zamani

Historia ya uboreshaji wa mbegu za malisho haikamiliki bila kumtaja Sir George Stapledon, mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliyeonesha kwamba ndani ya aina moja ya nyasi mna tofauti nyingi za kurithi, na kwamba tofauti hizo ndizo mtaji wa mzalishaji wa mbegu.

Stapledon alizaliwa mwaka 1882 huko Northam, Devon, na kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1912 alihamia Aberystwyth, Wales, kuwa mshauri wa wakulima katika masuala ya mimea. Huko alikuta tatizo lililowaumiza wafugaji: nyasi zilizotokana na mbegu za dukani ziliota vizuri, lakini baada ya miaka michache zilitoweka, ilhali malisho ya zamani yaliendelea kustawi.

Mwaka 1919 kilianzishwa Kituo cha Uzalishaji wa Mimea cha Wales, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Yeye na wenzake walikusanya mimea kutoka maeneo mbalimbali, wakaipanda mmoja mmoja kwa nafasi ili tabia ya kila mmea ionekane.

Katika nyasi ziitwazo daktilisi, Stapledon alibaini kwamba mimea kutoka malisho yaliyoliwa na mifugo kwa muda mrefu ilikuwa mifupi, yenye majani mengi na iliyochelewa kutoa maua. Ile ya mashamba ya kuvuna nyasi kavu ilisimama wima. Jino la mnyama lilikuwa limechagua kwa vizazi vingi: mmea mrefu uliliwa kabla ya kuzaa, mfupi ukasalimika. Biashara ya mbegu ilichagua kinyume, kwani mimea yenye mashina mengi ndiyo iliyojaza magunia, ijapokuwa haikudumu malishoni.

Kwa kuwa nyasi hizo huchavushana kwa upepo, haikutosha kuchagua mmea mzuri kwa macho; ilibidi uzao wake pia upimwe. Kwa utaratibu huo kituo kilitoa mbegu zilizopata sifa kubwa, zikiwemo nyasi za S23 kwa malisho ya kudumu, S24 zinazowahi kukua, na klova nyeupe ya S100.

Stapledon alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihimiza malisho dhaifu yalimwe na kupandwa upya kwa kupokezana na mazao ya chakula. Alifariki dunia mwaka 1960.

Kazi yake inafundisha kwamba uchaguzi hauumbi sifa isiyokuwepo. Malisho ya asili yakitoweka, sifa ambazo bado hazijachaguliwa hutoweka nayo. Funzo hilo lina uzito Afrika Mashariki, chimbuko la nyasi zinazolisha mifugo katika mabara mengine, zikiwemo zile zinazojulikana duniani kwa jina la Wakikuyu.