Kitabu cha Speke kwa Sh. 8,000

Kilikuwa kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini, kimebanwa kati ya fizikia ya kidato cha nne na Biblia isiyo na jalada. Muuzaji alitaja 12,000, nikamshusha mpaka 8,000. Bumu lilikuwa limeingia juzi yake, kwa hiyo sikujifikiria mara mbili. Nilipofika nacho Malimbe, mwenzangu wa chumba, dada wa Ngara, akasoma jina la mwandishi, akaniuliza kama nimekosa cha kununua.

Mwandishi ni John Hanning Speke. Hapa Mwanza jina lake liko kwenye ramani: ile ghuba iliyo kusini mwa Ukerewe bado inaitwa Ghuba ya Speke. Shuleni tulikariri kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Victoria, ukijibu hivyo unapata alama, unasonga mbele. Mimi nasomea ualimu wa historia na mwakani nitakuwa naisahihisha alama hiyo hiyo. Ndiyo maana nilikitaka kitabu.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, Uingereza, kwenye familia yenye ardhi. Shule hakuipenda. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, alikwenda India kuwa askari wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, na likizo zake zikaishia kuwinda milima ya Himalaya. Mwaka 1855 alikuwa Berbera, pwani ya Wasomali, pamoja na Richard Burton, kambi yao iliposhambuliwa usiku. Alitekwa, akachomwa mikuki mara kadhaa, kisha akachomoka mbio. Mtu mwingine angerudi kwao akatulia.

Yeye na Burton waliondoka pwani yetu Juni 1857 wakielekea bara. Safari iliwachakaza. Walipofika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa 1858 Burton alikuwa hawezi kutembea na Speke macho yalikuwa yamevimba, ziwa lenyewe akaliona kama ukungu. Halafu mdudu akamwingia sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kisu, sikio likatunga usaha. Hayo yote kayaandika mwenyewe, na nakiri kwamba kitabu hiki nilikisoma mpaka saa nane usiku. Jamaa anasimulia vizuri. Hilo ni tatizo, nitalirudia.

Burton alibaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akiumwa. Speke akaja kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama hapa Mwanza akiyatazama maji. Alikaa siku chache. Mtumbwi wa kulivuka ziwa hakupata, na Kisukuma hakukijua, wala Kiswahili. Aliyekuwa anamfasiria ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Unguja. Waliongea Kihindustani. Yaani alichokisema mzee wa Kisukuma kilipita lugha mbili tatu kabla hakijafika kwenye daftari. Kwa ushahidi huo Speke akaamua hapa ndipo Nile inapotoka, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake. Alibahatisha, na bahati ikamwangukia. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikampa medali ya dhahabu. Bombay baadaye alipata ya fedha.

Safari ya pili, na James Grant, ilianza 1860. Karagwe walipokelewa vizuri na mfalme Rumanyika. Speke akiwa mgeni pale alimpima kwa futi mwanamke wa ukoo wa mfalme, mkono, kifua, paja, kisha akaviandika vipimo kitabuni, kama anayenunua ng'ombe mnadani. Akaenda Buganda kwa Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama kwenye maporomoko yale ambako Nile inatoka ziwani, karibu na Jinja.

Kitabu kilitoka 1863. Mwanzoni tu anaeleza kwamba Mwafrika ni uzao wa Hamu aliyelaaniwa na Nuhu, na kwamba hali yake ya utumwa inatokana na laana hiyo. Mbele ana sura nzima kuhusu Wahima. Alikuwa ameziona Karagwe na Buganda zina mabaraza, kodi na taratibu za ikulu, na hakuweza kukubali kwamba watu weusi wa hapa ndio waliozijenga. Akasema watawala hawa ni wageni, wafugaji waliotoka upande wa Ethiopia wakawatawala wakulima. Ushahidi? Sura zao. Pua na urefu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika hivyo anarudishiwa kazi.

Lakini waliokinunua 1863 hawakununua nadharia. Walinunua safari: Karagwe ya Rumanyika, ikulu ya Mutesa, maporomoko ya Nile. Nadharia ilipanda gari hilo hilo bila nauli. Na kwa sababu msimulizi alikuwa amefika kweli, waliamini na yale ambayo hakuyaona. Wengine waliendeleza, wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji wakalitumia wazo hilo Rwanda, na miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika Mhutu au Mtutsi kwenye vitambulisho. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia Kabaya akisema Watutsi warudishwe kwao Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mto huo unaingia Kagera, na Kagera inaingia kwenye ziwa letu.

Hapo ndipo mwenzangu alipokuwa. Mwaka 1994 baba yake alikuwa kijana na aliiona miili ikipita chini ya daraja la Rusumo. Mpaka leo hali samaki wa ziwani, ukimpikia sato anasogeza sahani bila kusema kitu. Speke hakushika panga, alikuwa amekufa miaka 130. Hilo dada huyu analijua vizuri kuliko mimi. Hoja yake ni kwamba mtu huyu hastahili kuwekwa mezani mtu anapolia chakula.

Nikajitetea kwamba hela haimfikii. Msanii aliye hai akitukana watu nawe ukanunua wimbo wake, umemlipia pumzi ya kutukana tena. Speke alikufa tarehe 15 Septemba 1864, akiwa na miaka 37, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiruka ukuta mawindoni, siku moja kabla ya kukutana na Burton kwenye mjadala wa Nile. Hana mirabaha. Elfu nane yangu imemlisha mzee wa vitabu na wanawe.

Akaniuliza basi kwa nini nimelipa, maana kitabu cha zamani hivyo kinasomwa bure intaneti. Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa nacho. Nilifurahia kuiona Mwanza imeandikwa kwenye kitabu cha 1863, hata kama aliyeiandika alitudharau. Kumlaumu msomaji wa London nilikuwa tayari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeruka sura ya Wahima usiku ule ili niwahi kufika kwa Mutesa.

Nimeisoma sasa, mara mbili. Nimetoa kopi kurasa zake chache kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, nione kama watagundua wenyewe pale ambapo ushahidi unaisha na macho ya mtu yanaanza. Kitabu chenyewe kiko kwenye begi chini ya kitanda. Mwenzangu aliomba kisikae mezani, nikakitoa.