John Dunlop: Daktari wa Mifugo Aliyetupea Tairi ya Upepo, Lakini Chapaa Ikaenda Kwa Wengine

Manze, kama ushawahi kuendesha baiskeli ya magurudumu madogo, zile za kukunja, hii stori unaijua mwilini. Kwenye lami ya Ukunda kuelekea Msambweni uko fiti, unateleza tu. Shida inaanza ukikata kona uingie njia ya vumbi upande wa Gazi ama Kinondo, pale mawe ya matumbawe yanachungulia kutoka ardhini. Gurudumu kubwa la Black Mamba linaruka shimo. Lako dogo linazama lote, na wewe unazama nalo. Ukifika kwenu, hadi meno yanauma.

Sasa kuna buda mmoja alikaa chini akafikiria hiyo shida kabla nyanya yako hajazaliwa. Jina lake pengine umelisoma ubavuni mwa tairi: Dunlop. Wasee wengi hudhani hiyo ni kampuni tu. Zii. Alikuwa mtu, alikuwa na mtoi, na pesa kubwa ya hilo jina ilimpita.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Dreghorn, Scotland, kwa familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo Edinburgh, halafu mwaka 1867 akavuka maji akahamia Ireland. Mjini Belfast akajijenga polepole mpaka kazi yake ikawika. Kumbuka enzi hizo farasi ndio walikuwa matatu na lori za mji, kwa hivyo daktari wa farasi hakukosa wateja. Jamaa hakuwa injinia, na hakuwa na gereji.

Mwaka 1887 kijana wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, magurudumu yalikuwa magumu, hayana hewa ndani, na dogo alikuwa anatikiswa kama nazi kwenye mkokoteni. Dunlop akachukua kipande cha mbao cha duara, akakizungushia mpira wa mrija uliojaa hewa, akaufunga kwa kitambaa na kuupigilia misumari. Kisha akang'oa gurudumu moja la ile baiskeli ya mtoto. Akayabingirisha yote mawili uani.

Lile gurudumu gumu likaishiwa nguvu likaanguka. Lile la upepo likaenda, likaenda, hadi likagonga nguzo ya geti na kurudi. Hapo buda akajua ako na kitu.

Cheki hapo vizuri, kwa sababu watu wengi huelewa nusu. Hewa haikuleta starehe peke yake. Gurudumu gumu likigonga jiwe linarusha baiskeli yote juu, na zile nguvu zako za kukanyaga zinapotelea huko. Tairi ya upepo inabonyea, inalimeza jiwe, inaendelea mbele. Kwa hivyo huchoki haraka na pia unakimbia zaidi.

Mwaka 1888 akapata hati miliki. Mei 1889, mwendeshaji anaitwa Willie Hume akaingia mashindano Belfast na hizo tairi nene. Unaweza kuwaza vile watu walimcheka. Akashinda mbio zote nne. Mmoja aliyefungua macho siku hiyo ni Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin, ambaye vijana wake walikuwa kati ya wale walioachwa nyuma. Mwaka huohuo du Cros akaanzisha kampuni, na Dunlop akaingia ndani na hati yake.

Halafu ikaja noma. Mwaka 1890 ikajulikana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alisajili wazo hilohilo mwaka 1845. Ya Thomson ilikuwa ya magari ya farasi, mpira ulikuwa ghali, na dunia ikaisahau. Lakini sheria haikusahau. Hati ya Dunlop ikawa karatasi tu.

Kampuni iliponaje? Kwa kununua maboresho ya watu wengine. Tairi za kwanza za Dunlop zilibandikwa kwenye rimu, kwa hivyo pancha ilikuwa mateso ya siku nzima. Mwaka 1890 Charles Welch akaleta tairi yenye waya pembeni, inayotoka na kurudi bila vita. Ule waya fundi wako anaushika hadi leo akivua tairi.

Dunlop mwenyewe hakuelewana na wenye pesa, na mwaka 1895 alikuwa ashahepa. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, na aliyeinunua akaiuza tena kwa milioni 5. Mzee hakuonja hiyo keki. Akaishi Dublin na biashara ya duka la nguo, akafariki tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na miaka 81.

Usimwonee huruma haraka, kuna walioumia zaidi. Tairi zilipopendwa, mpira ukageuka dhahabu. Kule Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira, na vijiji vilivyoshindwa kuufikisha viliona watu wakiuawa na kukatwa mikono. Pwani yetu pia ilikuwa kwenye hiyo biashara, kwa sababu mpira wa porini ulikuwa ukigemwa kwenye misitu ya huku. Hiyo mimea inayotambaa juu ya miti ni jamaa ya mbungo, ule unaotupa juisi ya bungo. Ukiukata, unatoa maziwa meupe. Mtoto mmoja Belfast alipata safari laini, na bei yake ililipwa na watoto wa Kongo ambao hata baiskeli hawakuwa nayo.

Wazo lenyewe halikulala. Mwaka 1962 Mwingereza Alex Moulton alitoa baiskeli ya magurudumu ya inchi 16 yenye springi mbele na mpira nyuma wa kumeza mitikisiko. Na tairi zake ndogo za presha ya juu nani alizitengeneza? Dunlop. Kama baiskeli yako ya kukunja iko na kile kipande cha mpira nyuma ya fremu, umekalia urithi wa hawa wazee wawili.

Sasa hapo ndipo nataka tuongee kama ndugu. Ukipata hizo baiskeli za mitumba zenye magurudumu madogo, usikimbilie kutoboka mfuko kwa gia mpya ama kiti cha kung'aa. Anza pale Dunlop alianza: tairi. Soma ubavuni. Ukiona 47-406, maana yake upana ni milimita 47 na rimu ni milimita 406. Kuna tairi za inchi 20 za 406 na zingine za 451, na haziingiliani hata uite fundi wa aina gani. Za inchi 16 nazo ziko za 305 na 349. Chukua pana kadiri fremu na breki zinaruhusu, halafu jaza upepo ndani ya kipimo kilichoandikwa hapohapo, kidogo zaidi kwa lami, kidogo chini kwa matumbawe. Ule mpira wa nyuma nao ukikauka na kupasuka, badilisha, kwa sababu mpira huzeeka kama sisi.

Gharama si kubwa, na mgongo wako utashukuru kabla hujafika Msambweni. Siku nyingine ukisimama kando ya njia kubandika kiraka, kumbuka yule daktari wa farasi aliyekuwa uani kwake, akibingirisha magurudumu mawili kwa sababu tu mtoi wake alikuwa anatikisika.