James Marshall: mtu aliyeona zahabu ya California

Huku kwetu, kuanzia Kamituga hadi Mongbwalu, watu wanapenda kusimulia juu ya mtu wa kwanza aliyeona zahabu mahali fulani. Mara nyingi huyo wa kwanza sio yule aliyejenga nyumba ya ghorofa. Kule California, Marekani, wa kwanza alijulikana kwa jina: James Wilson Marshall.

Alizaliwa mwaka 1810 katika jimbo la New Jersey, akawa seremala. Alipokuwa analima Missouri, malaria ilimsumbua sana (ndiyo, hii hii yetu), akashauriwa kuhama. Mwaka 1845 akafika California, wakati ule ingali nchi ya Mexico. Akanunua shamba na ng'ombe, akaenda vitani, na aliporudi ng'ombe hawakuwako tena.

Hapo akapatana na John Sutter, tajiri wa ardhi aliyetoka Uswisi: Sutter atoe pesa, Marshall ajenge kiwanda cha kupasua mbao kwa nguvu ya maji. Akachagua bonde la Coloma, kwenye nchi ya wenyeji Wanisenan. Wenyeji wengine walifanya kazi palepale.

Mfereji wa kutoa maji haukuwa na kina cha kutosha. Basi usiku walifungulia maji yachimbe, na mchana wanatoa mawe. Asubuhi ya tarehe 24 Januari 1848, Marshall alipopita kuangalia mfereji, akaona vipande vinang'aa. Akagonga kimoja kwa jiwe: kikabonyea bila kuvunjika. Mpishi wa kambi, mama Jennie Wimmer, akakitia katika chungu chake cha kupikia sabuni, na kikatoka vile vile. Siku tisa baadaye Mexico ikatia sahihi kuiachia Marekani California, bila kujua kilichookotwa.

Sutter na Marshall wakakimbilia makaratasi. Walipatana na wakubwa wa wenyeji kukodi bonde, wakapeleka mkataba kwa gavana wa kijeshi. Akakataa, juu ya sheria yao haikuwapa wenyeji haki ya kukodisha ardhi. Yaani ardhi ya mababu zao! Kisha watu karibu 300,000 wakamiminika California. Wafanyakazi wa kiwanda wakaacha mbao, wageni wakajigawia viwanja, na Marshall hakuweza kuwaondoa. Lakini walioumia zaidi ni wenyeji: walikuwa karibu 150,000 katika California yote, na kufikia 1870 walibaki kama 30,000, kwa sababu ya magonjwa, njaa na kuuawa.

Marshall mwenyewe hakupata amani. Watu walidhani ana kipawa cha kunusa zahabu, wakawa wanamfuata kila alikokwenda kuchimba. Akalima zabibu Coloma, ikashindikana. Akaingia katika mgodi wa ushirika karibu na kijiji cha Kelsey, ukafilisika. Mwaka 1872 bunge la California likamkumbuka kwa pansioni ya dola 200 kwa mwezi, baadaye ikapunguzwa hadi 100, na mwaka 1878 ikakatwa kabisa. Alikufa Kelsey tarehe 10 Agosti 1885, maskini, akiwa na karakana ndogo ya uhunzi.

Mwaka 1890 sanamu yake ikasimamishwa kwenye kilima alipozikwa, kidole kikionyesha mahali alipookota zahabu. Kwa sanamu, pesa ilipatikana.

Coloma iliyowahi kujaa maelfu ya wachimbaji leo iko na wakaaji mia chache tu. Sehemu kubwa ya kijiji ni hifadhi ya serikali. Wageni wanaonyeshwa kibanda cha mbao cha Marshall, maduka mawili ya mawe ya wafanyabiashara Wachina, makanisa, shule na mabaki ya gereza. Kiwanda wanachokiona kimejengwa upya kwa mfano wa kile cha zamani. Kile chenyewe kiliachwa miaka michache tu baada ya zahabu kuonekana, kikaanguka, na watu wakachukua mbao zake.