SAMUEL AJAYI CROWTHER: ALIYEBATIZWA UGENINI



Katika ukurasa huu huwa tunaangalia maisha ya watumishi wa Mungu waliotutangulia. Mara hii tumemchagua Samuel Ajayi Crowther kwa sababu ya maswali juu ya ubatizo ambayo familia nyingi zinatuletea. Mama mmoja anasema atabatizwa siku atakayorudi nyumbani, mbele ya wazazi na ndugu zake. Baba mwingine anasema cheti chake cha ubatizo kiliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo anaomba abatizwe upya. Kijana anauliza kama ubatizo utamsaidia kupata msaada. Maisha ya Crowther yanatupa mwanga, kwa maana yeye naye alitolewa kwao kwa nguvu, akabatizwa katika nchi isiyo yake.

Kijana wa Osogun

Alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Alipewa jina la Ajayi. Kwa desturi ya Wayoruba, jina hilo ni la mtoto aliyezaliwa kifudifudi.

Mwaka 1821, akiwa na miaka kama 12, wavamizi waliuzingira mji asubuhi, chakula kikiwa bado kinatayarishwa. Baba yake alifika mbio kuwaonya, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Yeye, mama yake Afala na dada zake walijaribu kukimbilia vichakani lakini wakakamatwa, wakafungwa kamba shingoni na kupelekwa utumwani. Baada ya muda mfupi alitenganishwa na mama yake.

Aliuzwa mara kadhaa kutoka mkono hadi mkono, na mara moja alibadilishwa kwa farasi. Alikata tamaa kiasi cha kutaka kujiua usiku, lakini Mungu hakuruhusu. Mwishoni akauzwa kwa wafanya biashara Wareno huko Lagos, akapakiwa melini pamoja na watumwa wengine ili wavushwe bahari.

Tarehe 7 Aprili 1822 meli hiyo ilikamatwa na manowari ya Uingereza, maana Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa tangu mwaka 1807. Watoto hawakujua kwamba wameokolewa. Ajayi alisimulia baadaye kwamba walipoona nyama ya nguruwe imetundikwa na mizinga ina risasi za mviringo, walidhani ni nyama ya watu na vichwa vya watu. Mtu aliyeonewa sana huogopa hata mkono unaomsaidia. Jambo hilo tunalifahamu.

Ubatizo wa Freetown

Walipelekwa Freetown, nchi ya Sierra Leone. Huko waliookolewa kutoka melini waligawiwa vijijini. Walikuwa watu wa makabila mengi, kila mmoja na lugha yake, wengi bila baba wala mama. Ajayi aliwekwa katika kijiji cha Bathurst. Wamisionari wa CMS walimfundisha, na kwa muda wa miezi sita hivi aliweza kusoma. Alijifunza pia useremala.

Tarehe 11 Desemba 1825, siku ya Jumapili, alibatizwa na mchungaji John Raban. Alichukua jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la mchungaji mmoja wa London. Hata hivyo hakulitupa jina la Ajayi. Aliendelea kulitumia hata alipokuwa askofu. Hapa tunajifunza kwamba ubatizo unaua dhambi, haumwui Myoruba wala Mbembe wala Mrundi. Jina la nyumbani halina hatia.

Tuangalie hesabu ya miaka. Alifika Freetown katikati ya mwaka 1822, akabatizwa mwishoni mwa mwaka 1825. Chakula, kijiji na shule alivipata kabla ya ubatizo. Basi hakubatizwa ili apate kitu. Alibatizwa kwa sababu alikuwa amefahamu kwamba kuna utumwa mwingine ulio mbaya kuliko ule wa Lagos, yaani utumwa wa dhambi, na kwamba Kristo peke yake anautoa. Hayo ndiyo Paulo anayoyafundisha katika Warumi sura ya 6: tunazikwa pamoja na Kristo katika kifo chake, kisha tunafufuka naye ili tuishi maisha mapya. Anayeingia majini akitafuta sabuni au blanketi atatoka amelowa tu.

Tena siku ile hakuwa na ndugu hata mmoja wa kusimama naye. Hakujua kama mama yake yu hai. Hakungoja. Kanisa la ugenini likawa jamaa yake, na hiyo ni sehemu ya maana ya ubatizo: tunaingizwa katika mwili mmoja. Ndiyo sababu sisi hatubatizi mtu kwa siri, bali mbele ya kusanyiko, ili wote wajue kwamba tangu leo huyu ni mtu wao, na akiugua watamtafuta.

Mama na mwana

Mwaka 1827 Crowther alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa katika chuo cha Fourah Bay, Freetown. Alimwoa Asano, binti aliyeokolewa utumwani kama yeye, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan. Mwaka 1841 alikwenda katika safari ya mto Niger, ambako homa iliua Wazungu wengi. Mwaka 1843 aliwekewa mikono kuwa mchungaji huko London. Mwaka 1844, mwaka uleule ambao Krapf wa CMS alifika Mombasa, Crowther alianza kuhubiri huko Freetown kwa lugha ya Kiyoruba. Baada ya hapo alirudi na wenzake katika nchi ya Wayoruba, nao wakafika mji wa Abeokuta mwaka 1846. Mji huo ulikuwa umejengwa na watu waliokimbia vita.

Mwezi wa Agosti mwaka huo mama yake alisikia habari zake, akaja. Miaka 25 ilikuwa imepita. Mama alitetemeka. Walishikana wakatazamana bila neno, machozi yakimtoka. Naye alikuwa amepita katika utumwa tena na tena mpaka alipokombolewa. Wengi wetu tunaomba siku kama hiyo, na wengine bado tunaandikisha majina ya ndugu tunaowatafuta.

Tungeweza kufikiri kwamba Crowther angembatiza mama yake wiki ileile. Sivyo. Afala alifundishwa pamoja na wengine, na mwezi wa Februari 1848 ndipo alipobatizwa, miongoni mwa waamini wa kwanza wa Abeokuta. Aliitwa Hana, kwa kuwa katika Biblia Hana ndiye mama wa Samweli. Yule Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 alibatizwa siku moja na kuamini kwake, na hatuwezi kuwakataza watu maji. Lakini yeye alikuwa tayari anasoma Maandiko, na Filipo alimfafanulia kwanza. Kufundishwa si adhabu. Mwaka 1849 waamini wapya wa Abeokuta walikamatwa, wakafungwa na kupigwa kwa ajili ya imani yao. Asiyejua kwa nini alibatizwa hawezi kusimama siku kama hiyo.

Ubatizo mmoja

Tarehe 29 Juni 1864 Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Alisimamia kazi ya mto Niger akiwa na wasaidizi Waafrika, na akafanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba.

Tangu Freetown mpaka kifo chake ilipita miaka 66. Alikaa Uingereza, Abeokuta, Lagos na kwenye mto Niger, na ubatizo wake ulikuwa ni uleule wa Bathurst. Paulo anatukumbusha katika Waefeso sura ya 4 kwamba Bwana ni mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Basi uliyepoteza cheti usiogope. Karatasi iliungua, ubatizo haukuungua. Njoo na mashahidi wawili waliokujua katika kanisa la nyumbani, wazee watawasikiliza na kukuandika katika kitabu cha washiriki.

Lakini tusifiche mwisho wake. Katika uzee wake walikuja wamisionari vijana kutoka Uingereza ambao hawakumwamini Mwafrika kuongoza. Waliwashtaki na kuwafukuza wasaidizi wake wengi, na mwaka 1890 mzee huyo alijiuzulu katika kamati ya kazi ya Niger kwa uchungu. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Baada yake aliwekwa askofu Mzungu. Mwaka 2014, ilipotimia miaka 150 tangu awekwe wakfu, kulifanyika ibada huko Canterbury ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, na askofu mkuu aliomba toba kwa jinsi kanisa lilivyomtendea.

Wapendwa, kanisa lililombatiza lilisahau maana ya maji lililommwagia. Katika Wagalatia sura ya 3 Paulo anasema waliobatizwa wamemvaa Kristo, na mbele zake hakuna tena Myahudi wala Myunani, mtumwa wala huru. Hatari hiyo haikuisha mwaka 1891. Tunapochagua wazee, je, tunauliza mtu ana matunda gani, au tunauliza ametoka mkoa gani? Mgeni akifika na gari la wakimbizi wapya, tunampa nafasi kwenye benchi au tunasikiliza kwanza lafudhi yake? Kumbatiza mtu kisha kumbagua ni kumwambia Kristo kwamba amekosea kumpokea.

Kwa hiyo, ninyi mnaongoja kurudi nyumbani ndipo mbatizwe, msingoje. Hatujui siku ya kurudi, lakini Yesu yuko hapa kati ya mahema na nyumba za udongo. Darasa la ubatizo liko wazi kwa kila anayeamini, wazee kwa vijana. Asiyejua kusoma aje pia, tutamfundisha kwa masikio. Wazazi ambao hawajulikani walipo tutawataja kwa majina katika maombi siku ya ubatizo. Mungu aliyemtunza Afala miaka 25 anawajua.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.