Pap: Jina unalosikia kliniki lilitoka kwa nani?

Kama umewahi kumsindikiza mama au dada yako kliniki, huenda ulisikia akiulizwa iwapo amefanyiwa kipimo cha Pap. Kumbe Pap ni kifupi cha jina la mtu: George Papanicolaou.

Alizaliwa 1883 mjini Kymi, Ugiriki. Babake alikuwa daktari, naye akasomea kazi hiyo hiyo Athens, kisha Munich, Ujerumani. Mwaka wa 1913 alihamia New York na mkewe Mary wakiwa na pesa kidogo. Yeye aliuza mazulia, mkewe akashona vifungo dukani.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya maabara katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alianza na ute wa uke wa simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, kisha akataka kuchunguza wa binadamu. Unadhani nani alijitolea? Mary! Kwa takriban miaka 20 alitoa ute wake karibu kila siku.

Katika ute wa wanawake wengine, hadubini ilimwonyesha seli za saratani. Alitangaza hayo 1928, lakini madaktari wenzake wakampuuza. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1943 alitoa kitabu pamoja na Herbert Traut, na hapo ndipo walimsikiliza. Alifariki 1962.

Ila hakujua chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi. Miaka ya 1980, Harald zur Hausen na wenzake Ujerumani walionyesha kuwa ni virusi vya HPV.

Sasa tunajua pia kwamba ute ule ule una bakteria walinzi, laktobasili, wanaotoa asidi ya kuzuia vijidudu vibaya. Walinzi hao wakipungua na bakteria wengine wakazidi, HPV huelekea kukawia mwilini. Mara nyingi kinga ya mwili huishinda ndani ya miaka 2. Ikikawia, ndipo seli huanza kubadilika polepole.

Kwa hivyo dada, kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au manukato si usafi, ni kuwafukuza walinzi wako. Maji ya kuosha nje yatosha.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mwaka wa 2019. Lakini hata aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa akifika umri. Nawe kaka, usijitoe: virusi hivi hupitia kwako pia. Leo hebu muulize mama kama amepimwa.