Rudolf Diesel: Alijua kubana hewa, akashindwa kubana matumizi

MALORI yanayopanga foleni Namanga, Busia, Rusumo na Kasumbalesa yana namba za usajili za nchi mbalimbali, lakini karibu yote yanakunywa mafuta yenye jina la mtu mmoja. Dereva anaagiza dizeli, mwenye mzigo anapiga hesabu ya dizeli, na fundi anayefungua injini iliyochoka anakutana na swali lile lile lililomsumbua mtu huyo kwa miaka minne mfululizo: hewa ibanwe kiasi gani, na pistoni gani itamudu kazi hiyo?

Mtu huyo ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani. Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Harwich, Uingereza. Meli ilifika, yeye hakufika. Alikuwa na umri wa miaka 55, jina lake likijulikana Ulaya nzima na Marekani, na akaunti zake benki zikiwa karibu tupu.

Mtoto wa wahamiaji

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliotoka Bavaria kutafuta maisha. Baba, Theodor, alijalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Nyumba ilikuwa ya fundi mdogo, na riziki ilipatikana kwa shida.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikavuka bahari hadi London. Huko hali ilikuwa ngumu zaidi. Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa peke yake Augsburg, kusini mwa Ujerumani, akaishi kwa shangazi yake na mumewe, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Hivyo kabla hajabalehe alikuwa ameishi nchi tatu, na alipokuwa mtu mzima alizungumza Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza bila shida.

Darasani aliongoza. Wazazi walitaka aanze kazi mapema ili asaidie nyumbani, lakini alipata ufadhili na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Munich. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Katika masomo ya Linde, kijana huyo alijifunza kwamba injini ya mvuke ya wakati ule iligeuza kuwa kazi sehemu ndogo tu ya joto la makaa, chini ya moja ya kumi. Mengine yote yalipotea. Hasara hiyo ndiyo aliyoamua kupambana nayo.

Alimaliza chuo mwaka 1880 kwa alama za juu, akarudi Paris kufanya kazi katika biashara ya barafu ya mwalimu wake. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mwaka 1890 alihamia Berlin na familia yake, kazi ikiwa ile ile, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye injini.

Wazo la kubana hewa peke yake

Injini iliyotamba wakati huo ilikuwa ya Nikolaus Otto, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1876. Ndani yake, hewa na gesi vilichanganywa kwanza, vikabanwa na pistoni, kisha vikawashwa. Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo ukibanwa sana unapata joto na kulipuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo injini hizo hazikuweza kubana sana, na injini isiyobana sana hula mafuta mengi kwa kazi ndogo.

Diesel aliona njia nyingine. Hewa ibanwe peke yake, bila mafuta. Yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Hewa ikibanwa vya kutosha, joto lake hupita nyuzi 500. Wakati huo ndipo mafuta yanapoingizwa, nayo yanawaka yenyewe bila cheche.

Alipata hataza ya Ujerumani namba 67207 mwaka 1893, na mwaka huo huo akachapisha kitabu cha nadharia yake. Katika kitabu hicho aliandika namba kubwa mno. Alitaka hewa ifikie presha mara 250 ya hewa ya kawaida. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri, lakini hakukuwa na chuma, pistoni wala ringi ya wakati ule ambayo ingemudu presha hiyo. Na hata kama ingepatikana, msuguano ungekula faida yote.

Diesel alilijua hilo mapema. Kabla ya kukubaliwa na Heinrich Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, tayari alikuwa ameishusha namba hadi chini ya 50. Kiwanda kilikubali kujenga injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikaungana nacho kutoa fedha.

Miaka minne ya pistoni kuvujisha

Injini ya kwanza ilikuwa na silinda moja, upana milimita 150 na mwendo wa pistoni milimita 400. Mwaka 1893 ilipozungushwa kwa mkanda ili kupima presha, haikufikia hata nusu ya iliyotarajiwa. Hewa ilikuwa inapenya pembeni mwa pistoni na kwenye valvu. Agosti 10 mwaka huo mafuta yaliingizwa kwa mara ya kwanza. Yaliwaka yenyewe, lakini kwa mlipuko uliopasua kipimo cha presha kilichofungwa juu ya injini.

Ajali hiyo ilithibitisha kwamba wazo ni sahihi. Kilichobaki ni kupata pistoni isiyovujisha, namna ya kuingiza mafuta kwa kipimo, na presha ambayo injini ingeishi nayo. Februari 17, 1894 injini ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja. Ilichukua miaka mitatu zaidi ya kubadilisha pistoni, ringi, valvu na nozeli.

Mwanzoni mwa 1897 injini mpya ilikuwa tayari, upana wa silinda milimita 250. Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi Februari mwaka huo. Ilitoa nguvu ya farasi wapatao 18 na kugeuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati huo hazikufikia nusu ya kiwango hicho. Na presha yake ya kubana hewa ilikuwa zaidi kidogo ya mara 30 ya hewa ya kawaida, mbali sana na ile 250 ya kitabuni.

Hesabu iliyobaki gereji

Mvutano huo kati ya namba inayotamaniwa na namba ambayo chuma kinaweza kubeba haujaisha. Unaibuka kila mara injini ya lori inapofunguliwa kwa ajili ya ovaholi, na mwenye lori akaletewa pistoni tatu za bei tofauti achague.

Hesabu ya uwiano wa kubana ni nyepesi. Chukua injini ambayo upana wa silinda ni milimita 100 na mwendo wa pistoni milimita 110. Kila pistoni inafagia nafasi ya sentimita za ujazo 864. Pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki ni shimo la kwenye utosi wa pistoni, unene wa gasketi na uwazi mdogo chini ya silinda hedi. Chukulia zote pamoja ni sentimita za ujazo 54. Jumlisha 864 na 54 upate 918, kisha gawanya kwa 54. Jibu ni 17, maana yake hewa iliyojaza nafasi 17 imesukumwa kwenye nafasi moja. Injini nyingi za dizeli huwa kati ya 14 na 22, wakati za petroli nyingi ziko kati ya 8 na 12.

Sasa pistoni mpya ikiwa na upana ule ule lakini fupi kwa nusu milimita kutoka kwenye pini hadi utosini, nafasi ya juu inaongezeka kwa karibu sentimita za ujazo 4. Uwiano unashuka hadi karibu 16. Injini hiyo itasumbua kuwaka asubuhi ya baridi, itatoa moshi mweupe na kula mafuta zaidi. Gasketi nene kupita kipimo huleta matokeo hayo hayo. Pistoni ikiwa ndefu kupita kiasi, hatari iko upande wa pili: presha inapanda, gasketi inaweza kuungua, na pistoni inaweza kugonga valvu.

Silinda ikichongwa milimita moja zaidi ili kufuta mikwaruzo, nafasi inayofagiwa inakuwa sentimita za ujazo 881 na uwiano unapanda hadi takriban 17.3, ikiwa shimo la pistoni halijabadilika. Na bloku ikikwanguliwa uso, pistoni inatokeza juu zaidi, ndiyo sababu zipo pistoni zilizopunguzwa kimo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayenunua pistoni kwa kuangalia upana peke yake amepima nusu ya bidhaa. Kimo kutoka kwenye pini, ukubwa wa shimo na unene wa gasketi ndivyo vinavyoamua kama lori litafika.

Utajiri ulioyeyuka

Baada ya majaribio ya 1897, fedha zilimjia Diesel kwa kasi. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki za nchi yake. Emanuel Nobel alinunua haki za Urusi mwaka uliofuata. Mwaka 1898 kampuni mpya ilichukua haki za Diesel kwa marki milioni 3.5, lakini hazikuwa taslimu zote. Hisa zilikuwa sehemu ya malipo.

Wakati huo huo injini za kwanza zilizouzwa zilisumbua wateja, na nyingine zilirudishwa kiwandani. Zilikuwa zimepelekwa sokoni kabla hazijakomaa. Kiwanda ambacho Diesel alihusika kukianzisha Augsburg kilishindwa. Mwaka 1898 afya yake ilivunjika kwa uchovu, akalazwa katika nyumba ya mapumziko. Hata hivyo alijenga jumba la kifahari Munich, akaweka fedha kwenye visima vya mafuta na kwenye viwanja, na sehemu kubwa ikapotea.

Lawama nazo hazikukoma. Wapinzani walisema injini iliyofanya kazi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye hataza ya kwanza. Kwa namba walikuwa na hoja, kwani presha ilishuka na namna ya kuchoma mafuta ilibadilika. Diesel alijua mabadiliko hayo na aliomba hataza nyingine mwishoni mwa 1893, lakini hakuwahi kuueleza umma waziwazi kwamba hesabu ya kitabu ilimshinda. Ukimya huo uliwapa wapinzani silaha hadi mwaka wa kifo chake.

Injini yenyewe ilisonga mbele. Katika maonyesho ya Paris ya 1900 ilipata tuzo kuu. Hapo moja ya injini zake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, yaliyolima karanga kwa wingi, yangeweza kujitosheleza kwa nishati. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilianza safari za mbali kwa injini za dizeli.

Usiku wa Dresden

Kabla ya safari ya mwisho, Diesel alimwachia mkewe mkoba akimwomba asiufungue hadi wiki inayofuata. Ndani mlikuwa na marki 20,000 na hati zilizoonyesha hali halisi ya fedha zao.

Katika meli hiyo, iliyoitwa Dresden, alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, akaenda chumbani mnamo saa nne na kuomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alipofuatwa, kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa kwenye sitaha ya nyuma. Siku kumi baadaye mashua ya Kiholanzi iliona maiti baharini. Mabaharia walichukua vitu vya mfukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengi waliamini alijitoa uhai kwa sababu ya madeni, wengine wakasema ni ajali au aliuawa. Hakuna lililothibitishwa.

Diesel hakuishi kuona injini yake ikibeba mizigo barabarani. Mashine zake zilihitaji kompresa kubwa ya kupulizia mafuta, nzito mno kwa gari. Malori ya kwanza ya dizeli yalitengenezwa Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na pampu ndogo ya Bosch iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927 ikafungua njia kwa mengine. Malori hayo yalibana hewa kwa kiwango ambacho pistoni zake ziliweza kumudu, na ndicho kipimo ambacho fundi bado anakitafuta leo, kalamu mkononi, kabla ya kufunga silinda hedi.